Akiba haiozi, ila ya sufuriani: Kiporo chaweza kuwa pai tamu au safari ya hospitali

Hakuna nyumba ya mjini isiyojua uzito wa bei ya unga, mafuta ya kupikia na nyama. Mwezi ukifika tarehe 20 na mshahara ukiwa bado mbali, kila upawa wa mchuzi unaobaki sufuriani una thamani yake. Ndiyo maana familia nyingi zinashikilia desturi ya wazee wetu ya kutotupa chakula. Nyama iliyobaki jana inakuwa sambusa leo, maharagwe yanakuwa pai, na chapati mbili zilizokauka zinakatwakatwa na kupikwa upya pamoja na kabichi.

Mimi kama daktari naiunga mkono desturi hiyo kwa moyo wote. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba mnamo 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa kutoka majumbani, wala si mahotelini au madukani. Kwa hivyo anayejua kukitumia kiporo anaokoa mfuko wake na pia jasho la mkulima.

Hata hivyo, wahenga waliosema kwamba akiba haiozi hawakuwa wakizungumzia sufuria ya wali iliyolala mezani usiku kucha. Akiba ya aina hiyo huoza, na mara nyingi huoza bila kunuka wala kubadilika rangi. Wiki hii ningependa tuelewane juu ya jambo moja. Usalama wa pai au mlo wowote unaotokana na kiporo hautegemei sana moto utakaoutumia leo. Unategemea zaidi yale uliyoyafanya jana, katika muda wa saa mbili baada ya kuepua chungu.

KIPORO SI MAKOMBO

Lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Kiporo, au mwiku kama wengine wanavyokiita, ni chakula kilichopikwa, kikabaki, kikalala. Makombo ni masalio yaliyobaki sahanini baada ya watu kula. Kwa daktari tofauti hii ni kubwa mno. Chakula cha sahani kimekwisha kuguswa na mikono, vijiko na mate ya walaji, na kila mmoja ameacha viini vyake humo. Makombo wape kuku au mbwa. Usiyarudishe sufuriani hata kama yanaonekana safi.

Desturi iliyo nzuri ni kutenga chakula cha kesho kabla ya watu kuketi mezani. Kichote kwa upawa safi, ukiweke katika bakuli safi lenye kifuniko. Hapo utakuwa na kiporo halisi.

Kuna kitu cha tatu ambacho watu hukichanganya na kiporo, nacho ni chakula kilichoota ukungu. Mkate ulioota madoa ya kijani haufai hata ukikata sehemu ile, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya ndani zaidi ya jicho linavyoona. Unga na mahindi yaliyoota ukungu ni hatari zaidi. Wakenya wengi bado wanakumbuka mwaka wa 2004, wakati sumu ya aflatoksini ilipowapata watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, na 125 kati yao wakafariki. Sumu hiyo haimalizwi kwa kupikwa. Chenye ukungu kitupwe bila kuhesabu hasara.

"LAKINI DAKTARI, NILIKICHEMSHA"

Maneno haya nimeyasikia kliniki mara nyingi, hasa siku ya Jumatatu. Mzazi ameleta watoto wawili wanaotapika. Jumapili mchana palikuwa na wageni, ukapikwa wali mwingi, ukabaki. Sufuria ikafunikwa vizuri na kuachwa juu ya meza ya jikoni hadi asubuhi. Kulipokucha wali ukapashwa moto hadi ukatoa mvuke, watoto wakala na chai. Saa mbili au tatu baadaye kutapika kukaanza. Mzazi haelewi, maana yeye alichemsha, na alifundishwa kwamba moto huua viini.

Ni kweli kwamba moto huua viini vingi. Tatizo ni kwamba si vyote, na isitoshe, hauondoi kila kitu ambacho viini hivyo vimekwisha kukiacha ndani ya chakula.

Chukua mfano wa bakteria iitwayo Bacillus cereus, ambayo hupatikana udongoni na kwa hivyo hufika kwenye mchele. Bakteria hii hujifunga ndani ya vijimbegu vigumu ambavyo havifi wali unapopikwa. Wali ukipoa polepole, vijimbegu huamka na kuanza kuzaana, na vikizaana hutoa sumu ndani ya wali. Sumu inayoleta kutapika hustahimili hata joto la nyuzi 121 kwa zaidi ya saa moja. Sufuria yako haiwezi kufikia joto hilo. Jijini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa nchi, maji huchemka karibu na nyuzi 94 tu. Ukipasha wali huo moto asubuhi unaua bakteria, lakini unamwandalia mtoto sumu iliyo moto. Kutapika huanza baada ya nusu saa hadi saa sita.

Mchuzi wa nyama na maharagwe yana adui mwingine, Clostridium perfringens. Huyu naye hujificha kama vijimbegu wakati wa kupika, na hupenda sana sufuria kubwa inayopoa polepole. Katika joto la vuguvugu, kiasi cha nyuzi 43 hadi 47, anaweza kujigawa mara mbili katika muda wa kama dakika 10. Huyu huleta maumivu makali ya tumbo na kuhara, aghalabu saa 6 hadi 24 baada ya kula. Ndiye mgeni asiyealikwa katika sherehe nyingi ambako chakula hupikwa alfajiri na kupakuliwa alasiri.

Wa tatu ni Staphylococcus aureus, ambaye huishi puani na kwenye ngozi zetu, na hasa kwenye vidonda na majipu ya mikono. Mpishi mwenye kidonda akichambua nyama iliyoiva kwa vidole ili atie kwenye sambusa, humwachia bakteria huyu makao mapya. Sumu yake pia haiishi kwa kuchemshwa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Kiini kimoja kinachojigawa kila baada ya dakika 20 huwa viini zaidi ya milioni 2 baada ya saa saba. Sasa hesabu kutoka saa nne za usiku, wakati unapozima taa ya jikoni, hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati unapowasha jiko tena.

MUDA WA SAA MBILI

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Viini husitawi zaidi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto. Chini ya hapo huzubaa, na juu ya hapo huanza kufa. Kazi yako ni kukivusha chakula eneo hilo upesi. Penye joto kali, kama Mombasa wakati wa kaskazi, hesabu saa moja badala ya mbili. Wenyeji wa Pwani wanajua pia kwamba chakula chenye tui la nazi huchacha haraka.

Utakipoza vipi upesi? Kosa la kawaida ni kuacha chakula katika sufuria kubwa ile ile kilimopikwa. Kando ya sufuria hupoa, lakini katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Kigawe katika bakuli au mikebe isiyo na kina, chakula kisizidi kimo cha vidole vitatu. Kisha keti bakuli hizo ndani ya karai lenye maji baridi, uyabadilishe maji yakipata joto, na ukoroge mchuzi mara kwa mara. Mvuke ukikoma, tia ndani ya friji. Wengi huamini kwamba chakula chenye uvuguvugu hakifai kutiwa ndani ya friji. Ukweli ni kwamba kukiacha nje hadi asubuhi kipoe kabisa ndiko kuna hatari kubwa zaidi.

Wali upozwe kabla ya saa moja kwisha, na uliwe kabla ya siku moja kupita. Mchuzi, maharagwe, ndengu na githeri yanaweza kukaa siku tatu katika friji iliyo baridi sawasawa, yaani nyuzi 5 au chini ya hapo. Hifadhi vyakula vilivyoiva rafu ya juu na nyama mbichi rafu ya chini, ili damu isidondokee kiporo chako.

STIMA IKIPOTEA, AU USIPOKUWA NA FRIJI

Stima ikipotea, usifungue friji kila mara kutazama. Friji iliyofungwa hubaki na ubaridi kwa muda wa kama saa nne. Sehemu ya kugandishia iliyojaa hubaki na barafu hadi saa 48, na iliyojaa nusu hadi saa 24. Ikiwa stima ilipotea usiku kucha na ukakuta nyama na maziwa yamepata joto la chumba, usivionje ili kuamua. Ulimi haugundui sumu.

Najua kwamba nyumba nyingi za jijini hazina friji. Kwa nyumba hizo ushauri wangu ni mgumu kidogo, lakini ni wa kweli: usipike leo wali au mchuzi wa kesho. Pima mchele kwa kikombe kulingana na walaji. Kilichobaki mchana kinaweza kutiwa, kikiwa kinachemka, ndani ya kikapu cha kuhifadhi joto kilichozungushiwa blanketi au pamba, kisha ukakipika upya jioni hiyo hiyo. Kikikutwa bado ni moto wa kuunguza kidole, kimehifadhika. Kikiwa vuguvugu tu, kimekaa katika joto lile ambalo viini hulipenda. Kikapu hicho hufaa kwa saa chache, wala si kwa kulaza chakula. Ndivyo ilivyo pia kwa bakuli za kuhifadhia joto ambazo wengi huzitumia mezani.

Vyakula vikavu kama chapati, mandazi na mkate hulala vizuri bila friji. Kadhalika mboga mbichi zilizobaki: nusu kabichi, karoti mbili, viazi vitatu, kitunguu kilichokatwa leo asubuhi. Pai nzuri hupatikana hata kwa mabaki hayo mabichi peke yake.

PAI YA KIPORO

Pai tuliletewa na Waingereza, na kwao pia mapishi haya yalikuwa ya kubana matumizi. Nyama ya kuoka ya Jumapili iliyobaki ilikatwa vipande vidogo siku ya pili, ikafunikwa viazi vilivyopondwa na kurudishwa motoni. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa vitu vya sokoni kwetu. Kiasi hiki kinatosha watu watano au sita.

Kwa kifuniko cha pai chukua vikombe 1½ vya unga wa ngano, vijiko vikubwa 6 vya siagi iliyo baridi, chumvi robo kijiko cha chai, na maji baridi vijiko vikubwa vinne hivi. Changanya unga na chumvi, kisha fikicha siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole hadi uwe kama chembe za mkate. Tia maji kidogo kidogo hadi donge lishikane. Usilikande kama la chapati, maana litakuwa gumu. Lifunike uliache mahali pa baridi kwa dakika 20.

Kwa kijazo, kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Tia karoti mbili na viazi vitatu, vyote vimekatwa vipande vidogo, maji kidogo, na uache viive. Sasa tia minji kikombe kimoja na vikombe viwili vya kiporo cha nyama, kuku, maharagwe au ndengu. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha unga katika nusu kikombe cha maji, umimine ndani ili rojo iwe nzito. Acha yote yachemke kwa kutoa mapovu, huku ukikoroga, kwa dakika tano nzima. Malizia kwa dania.

Hatua ya kuchemsha kijazo usiiruke. Wengine hutia nyama baridi moja kwa moja ndani ya unga wakidhani tanuri litafanya kazi yote. Kifuniko cha pai huiva na kupata rangi ya dhahabu mapema, lakini katikati ya pai hupata joto mwisho kabisa. Pai inaweza kuonekana imeiva ilhali nyama yake ni vuguvugu.

Mimina kijazo katika chombo cha kuokea na ukiache kipungue moto kwa dakika 10 tu. Sukuma donge, ulilaze juu, ubane kingo kwa uma na utoboe matundu mawili ya kutolea mvuke. Oka katika joto la nyuzi 200 kwa dakika 25 hadi 30. Asiye na tanuri atumie njia ya mkate wa sinia kama wafanyavyo Pwani: sufuria juu ya makaa machache, na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko cha bati. Moto wa juu uwe mkali kuliko wa chini. Itachukua dakika 30 hadi 40.

Pai hiyo iliwe siku hiyo hiyo. Kiporo kinapashwa moto mara moja tu. Kila kikipoa na kupashwa tena, viini hupata nafasi nyingine ya kuzaana. Kiporo cha pai iliyotengenezwa kwa kiporo usikihifadhi.

MILO MINGINE YA KUSHIBISHA

Ukikosa unga wa ngano, ponda viazi sita vilivyochemshwa pamoja na maziwa kidogo, uvitandaze juu ya maharagwe au ndengu zilizochemshwa upya, kisha uoke hadi juu pawe na rangi ya kahawia. Pai ya namna hii haina siagi nyingi, na wazee wasio na meno huipenda.

Kima iliyobaki hufaa kwa sambusa. Ipashe moto vizuri kwanza, uikaushe rojo yake, tia vitunguu vingi na dania, na uichote kwa kijiko badala ya vidole. Manda unaweza kuzipaka mafuta kidogo na kuzioka badala ya kuzizamisha katika mafuta.

Githeri iliyobaki iponde nusu yake, uichemshe na nyanya, karoti na sukuma wiki mbichi. Utapata supu nzito inayoweza kulisha watu wengi kuliko githeri yenyewe. Chapati kavu zikate nyembamba kama tambi, uzikaange na kabichi, pilipili hoho na mayai mawili. Ugali uliolala katika friji ukate vipande na uukaange kwa mafuta kidogo, uliwe na mboga iliyopikwa siku hiyo.

TUSISAHAU LISHE

Chakula kinachopikwa mara ya pili hupoteza sehemu ya vitamini C, hasa mboga za majani. Ndiyo maana katika milo mingi niliyotaja nimetia kitu kibichi: nyanya, karoti, dania au hoho. Ongeza chungwa au kipande cha limau. Vitamini C husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagwe na mboga, jambo lenye manufaa makubwa kwa akina mama waja wazito na wasichana. Chai na kahawa huzuia madini hayo, kwa hivyo zisubiri saa moja baada ya kula.

Kwa wenye shinikizo la damu, kumbuka kwamba kiporo kilikwisha kutiwa chumvi jana. Onja kabla ya kuongeza, na uepuke vile viungo vya unga na vya vipande vinavyouzwa madukani, ambavyo vingi vimejaa chumvi. WHO linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa jumla. Mwenye ugonjwa wa sukari achague kijazo cha maharagwe na mboga badala ya viazi, ili asile wanga ndani ya wanga. Kwa sababu hiyo pia nimeweka unga juu ya pai tu, wala si juu na chini: siagi inapungua nusu, na pesa zinabaki mfukoni.

CHAKULA CHA SHULE

Hapa wazazi wengi hujikwaa. Wali na mchuzi wa jana hupashwa saa kumi na mbili asubuhi, ukatiwa katika mkebe wa plastiki, na mtoto akaula saa saba mchana. Huo ni muda wa saa saba katika vuguvugu la mfuko wa shule. Kiporo cha wali au nyama kisiende shuleni namna hiyo. Mpe mtoto vikavu: chapati, mkate na siagi ya njugu, ndizi, chungwa. Ukiwa na chupa ya kuhifadhi joto yenye mdomo mpana, ijaze maji yanayochemka kwa dakika tano, uyamwage, kisha utie chakula kilichopikwa asubuhi hiyo hiyo kikiwa kinachemka.

UKIUGUA

Mara nyingi ugonjwa wa chakula humalizika wenyewe kwa siku moja au mbili. Kinachoua ni mwili kukaukiwa maji, na watoto wachanga hukaukiwa upesi kuliko watu wazima. Anza mara moja kunywesha dawa ya kurudisha maji mwilini, yaani ORS, kidogo kidogo kwa kijiko. Ukiikosa, changanya vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Usizidishe chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto anayehara apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14 kama WHO na UNICEF zilivyopendekeza tangu 2004. Muulize mhudumu wa afya kipimo kinachofaa umri wake.

Usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki. Haziondoi sumu iliyokwisha kuliwa. Dawa za kufunga kuhara pia hazifai kwa watoto wadogo.

Nenda hospitalini bila kuchelewa ukiona damu katika choo, homa kali, kutapika kusikoruhusu hata maji kukaa tumboni, macho yaliyobonyea, mkojo kukosekana kwa saa sita au zaidi, au mgonjwa kulegea na kuchanganyikiwa. Kuona maluweluwe au kushindwa kumeza baada ya kula ni dalili ya dharura. Watoto walio chini ya miaka mitano, waja wazito, wazee, na wenye kinga dhaifu kama wanaoishi na virusi vya HIV au wanaotibiwa saratani, wasingoje dalili hizi zote. Na kwa hao, wali uliolala nje usiwe chakula hata siku moja.

Mpenzi msomaji, sikuandika haya ili utupe chakula. Nimeyaandika ili ule kiporo bila wasiwasi. Usiku wa leo mkimaliza kula, usiifunike sufuria na kwenda kulala. Gawa kilichobaki katika bakuli fupi, kipoze kwa maji, kitie ndani ya friji, na uandike siku juu ya kifuniko. Kazi hiyo haizidi robo saa. Kesho jioni utakuwa na pai mezani, na ile pesa ya nyama utakuwa bado unayo.